Kitabu cha Ng'ombe Katika Nyumba ya Mpunga

Adelina mwanangu,

Sitakuandikia habari za sabuni, wala kufunga mlango wa bweni, wala vijana wenye maneno matamu. Hayo umeyasikia tangu una miaka sita, na kama hayajaingia mpaka leo, hayataingia kwa barua. Umekwenda Mngeta kumuaga bibi yako na umesema utarudi kabla jua halijazama. Begi lako liko mlangoni limefungwa, kesho alfajiri ni basi, nami nimekaa hapa kibarazani na daftari la kuandikia hesabu za shule ulilolibakiza nusu.

Nimekasirika, Adelina. Naanza na hilo ili usije ukadhani hii ni barua ya machozi ya kuagana. Nimemkasirikia baba yako, aliyeko kaburini mwaka wa nane sasa, na ninajua unavyompenda. Halafu nina kosa langu kwako, la mwaka huuhuu, ambalo hulijui. Mambo haya mawili yamefungwa kamba moja, siwezi kukupa moja nikabaki na jingine.

Msimu huu umenicheka sana. "Mama leo anasoma! Mama kawa profesa wa dunguni!" Ulikuwa ukija shambani unanikuta nimekaa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, kombeo mkono mmoja na kitabu mkono mwingine, ndege wanakula mpunga upande wa mtoni wala sijawaona. Ulicheka, nami nikacheka nawe, lakini sikukuambia nilikuwa natafuta nini humo ndani.

Unalijua kabati la vitabu. Arobaini na kimoja. Vingine baba yako aliachiwa na padri aliyehamishwa, vingine alivikuta kwenye ofisi ya mradi uliofungwa, vingine alinunua Ifakara siku ambazo mimi nilikuwa nimemtuma mafuta ya kupikia. Tangu niolewe nimevipangusa kila Jumamosi, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo: mgongo, jalada, narudisha. Wageni wakija husema, "Hapa kwa Mwalimu pana maktaba." Nami huitikia kwa majivuno, kama mpishi wa harusi ambaye mwenyewe hakualikwa. Katika miaka yote hiyo sikufungua hata kimoja nikakisoma.

Sababu yake ilikuwa aibu. Mwaka ule tuliooana, nilikuwa nimetoka Mahenge na cheti changu cha kidato cha nne, nimefaulu vizuri kuliko wasichana wote wa darasa langu, na nilikuwa nimeomba chuo cha ualimu. Baba yako alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia kujaza fomu, kwenye meza hiihii ninayoandikia. Barua zote za kijiji zilikuwa zinapitia sanduku la posta la shule, kwa hiyo ya kwangu nayo ingefika kwake kwanza. Sikuona tatizo, maana mtu hamwekei mlinzi mume wake.

Majibu yalipokaribia, mimi nilikuwa bondeni naamia ndege. Unaujua msimu ule. Mpunga ukianza kutoa masuke nyumba inafungwa, tunahamia shambani na masufuria na mikeka, na anayeamia haondoki, kwa sababu kweleakwelea wakishuka asubuhi moja ukiwa haupo, jioni unakuta mabua. Wiki tano, sita, kuanzia macheo mpaka machweo, kelele, makopo na kombeo. Baba yako alikuwa anafundisha, kwa hiyo mwamiaji nilikuwa mimi peke yangu, bi harusi wa miezi minne.

Akaja siku moja kwa baiskeli, alasiri, ametoka shule. Aliniletea sukari na kitabu kidogo cha ufugaji wa nyuki. Akakaa chini ya dungu, hakupanda.

"Restituta," akasema, "majina yametoka. La kwako halimo."

Nikamuuliza, "Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia mara mbili."

Nililia, na alinipa kitambaa chake. Akasema, "Usijali. Vile vitabu vyote pale nyumbani ni vyako. Ukivimaliza, utakuwa mwalimu kuliko sisi walimu." Nilimpenda sana siku ile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba siku aliyoninyang'anya ndiyo siku niliyompenda zaidi. Basi vile vitabu nikavichukia kimyakimya. Kila nilipovitazama vilikuwa vinaniambia kwamba wapo waliofaa na mimi sikufaa. Nikawa mpangusaji.

Sasa nikukumbushe ndama wa Mama Kulwa. Ulikuwa mdogo, lakini utakumbuka alivyokuja hapa mbio, jirani yetu, kitenge kimemshuka, ndama wake amevimba matezi ya shingo na hali kitu. Alikuwa amesikia kwamba kwa Mwalimu kuna kitabu kinene cha bluu cha magonjwa ya ng'ombe. Alikuwa hajui kusoma sana, akaomba tumwazime ampelekee mtoto wa kaka yake amsomee. Baba yako, aliyekuwa anaazimisha vitabu mpaka kwa walevi, akasema, "Hicho hakitoki." Mama Kulwa akadhani hakusikika, akarudia. Baba yako akapandisha sauti, "Nimesema hicho hakitoki!" Na mimi mkewe, nikiwa nimesimama pale na ungo wa mchele, nikamuunga mkono. Nikamwambia yule mama kwamba vitabu vya Mwalimu si majembe ya kuazimana. Ndama akafa keshokutwa yake.

Nilishangaa kidogo. Kitabu cha ng'ombe, katika nyumba ya watu wa mpunga ambao hawajawahi kufuga hata mbuzi, kina utamu gani wa kukikatalia? Nilishangaa, kisha nikaendelea kupepeta. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, mwanangu. Jambo lilinipigia hodi nikaliambia lirudi kesho.

Mara ya pili ni mwaka huu, na hii inakuhusu wewe.

Ulikuwa dunguni kwa zamu yako. Simu yako ilikuwa imepasuka kioo, kwa hiyo kwenye maombi ya chuo ulijaza namba yangu. Ujumbe ukaingia nikiwa nachota maji: umechaguliwa. Nikaacha ndoo bombani. Nikapanda bodaboda mpaka Mngeta, steshenari, wakanitolea barua yako kwenye mashine pamoja na maelekezo yote, karatasi sita bado za moto. Wakanipongeza. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka peke yangu, na dereva akauliza kama nimeokota kitu.

Nilipofika nyumbani nikaingia ndani, na nyumba ilikuwa kimya. Nikaona kiti cha baba yako, nikaona kitanda chako, nikajiona mimi jioni moja ya mwezi wa kumi nakula peke yangu. Nikasoma tena: mwisho wa kuthibitisha nafasi ni Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu. Nikajisemea, na nayaandika maneno yale kama nilivyoyasema, "Nitamwambia ndege wakiisha." Nilijua vizuri kwamba ndege hawaishi Ijumaa.

Nikatafuta mahali pa kuziweka zile karatasi ambapo hutafika. Wewe ni mtu wa kufungua kila kitu. Nikatazama kabati, nikachagua kitabu ambacho hakuna binadamu wa nyumba hii angekifungua. Unajua nilichagua kipi.

Kilifunguka chenyewe, karibu na katikati, kwenye ukurasa unaoeleza ugonjwa wa ndigana. Palikuwa na bahasha ya kaki, imekatwa vizuri kwa wembe. Juu yake jina langu, lile la kwetu, kabla sijaolewa. Ndani ni barua ya chuo. Jina langu lilikuwemo, Adelina. Nilitakiwa kuripoti, na tarehe yake ilikuwa imepita kabla wewe hujazaliwa.

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia. Nilijisikia mjinga, ndiyo hali iliyonijia kwanza. Kitabu kile nilikuwa nimekipangusa kila Jumamosi, maisha yangu yote ya ndoa, na kilichokuwemo ndani kilikuwa changu. Kilitenganishwa nami na jalada tu.

Hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba niliinuka nikakimbia na barua yako mpaka shambani. Mama mwema angekimbia. Mimi niliweka karatasi zako palepale zilipokuwa za kwangu, nikafunga kitabu, nikakirudisha. Jumanne nikaja shambani, nikakuletea ugali na dagaa, ukaniuliza, "Mama, hakuna ujumbe?" Nikasema, "Mtandao unasumbua." Jumatano ukauliza tena. Nikakuangalia usoni nikaona mimi mwenyewe, yule wa chini ya dungu, ninauliza kama ameangalia vizuri. Usiku ule sikupata usingizi, na Alhamisi asubuhi nikakuletea. Nilikuambia, "Imeingia leo." Uliruka kutoka dunguni ukanikumbatia mpaka tukaanguka kwenye mpunga. Ulithibitisha jioni ileile, imebaki siku moja. Ulimwambia kila mtu kwamba mama yako kakimbia na barua kama mwendawazimu. Sikukimbia. Nilichelewa siku tatu kwa makusudi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilibeba vitabu kwenda shambani viwiliviwili kwenye gunia. Sikuwa nasoma kwa kupenda elimu, nisikudanganye. Nilikuwa namtafuta baba yako. Niliamini mtu aliyeweza kuficha barua atakuwa ameacha mahali fulani neno moja, hata kipande cha karatasi: Restituta nisamehe, au hata Restituta nilikuwa na sababu. Kwa hiyo nilisoma kila ukurasa, nisije nikauruka ule wenyewe.

Nilikuta mambo. Nilikuta baba yako, yule msomaji anayesifiwa mpaka Mlimba, alikuwa na tabia ya kupiga mstari kwa penseli, na mistari yake katika vitabu vingi inaishia ukurasa wa ishirini, thelathini. Katika kile cha historia ya vita, alichosifiwa zaidi kwa kukijua, iliishia ukurasa wa kumi na moja. Nilicheka peke yangu dunguni mpaka ndege wakaruka. Nilikuta picha ya ubatizo wako, orodha ya watoro wa darasa la tano, na jani la mpunga limekauka. Nilikuta kwamba udongo wetu una majina, na kwamba ile homa ya bibi yako ya kila masika ingetibika. Nilikuta riwaya moja isiyo na jalada iliyonifanya nisahau kupika. Nimesoma thelathini na nane. Nilikuwa na uwezo wa kusoma vyote hivi siku zote, na aliyenifanya niamini sina ni yeye. Neno la msamaha sijalikuta. Vimebaki vitatu, na sitegemei tena.

Siku ile niliyokuambia naenda Ifakara kupima macho, nilikwenda Lumemo kwa Mwalimu Kaspar, yule rafiki wa baba yako aliyefundisha naye miaka ile na sasa amestaafu. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kiti, nikaweka bahasha mezani. Hakuishika. Aliitambua kwa mbali.

"Shemeji," akasema, "bado ipo?"

Nikajua hapohapo kwamba ofisi nzima ya walimu ilijua. Wale wote waliokula wali wangu kila sikukuu, walionipa pole ya kutochaguliwa.

Nikamuuliza, "Kwa nini?"

"Hakukusudia kuificha moja kwa moja. Ulikuwa unaamia peke yako. Ungeondoka wiki ile mpunga wote ungekwenda. Akasema atakuambia ndege wakiisha."

"Na walipoisha?"

"Tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita. Akaona aibu. Kila mwaka aibu ikawa kubwa zaidi, shemeji. Ndivyo alivyokuwa akituambia."

Ndege wakiisha. Alisema maneno yangu, au mimi nilisema yake. Sikumaliza chai. Nilimwambia Mwalimu Kaspar kwamba mpunga wa mwaka ule tuliula ukaisha kabla ya Krismasi, na kwamba mimi bado nipo. Kisha nikaaga, maana adabu ni adabu.

Usiniulize kama nimemsamehe. Watu wa jumuiya watakuambia marehemu hasemwi. Mimi nilimsema kwa miaka minane kwa mema tu, nikamwekea maua na kumwombea misa. Sasa naomba nipumzike kumsema kwa mema. Alikuwa baba mzuri kwako na usiache kumpenda kwa ajili yangu. Lakini usimpende kwa kutojua, maana nilimpenda hivyo mimi na sasa sijui nilikuwa nimeolewa na nani. Kesho ukishaondoka nitaibandika ile barua ukutani, chini ya picha yake. Wageni wakisifu maktaba, waisome na yenyewe.

Kitu kilichonitia hofu zaidi ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Miaka yote nilidhani mtu wa kukufanyia ubaya ana uso wake. Kumbe ni mtu anayekuletea sukari. Ni mtu anayekuletea ugali na dagaa. Nilimhukumu baba yako sakafuni pale huku mikono yangu ikifanya kazi yake ileile, na ningekuwa nimeanguka kwenye shimo lake mpaka chini kama usingeniuliza mara ya pili. Mimi nilimuuliza baba yako mara moja tu, kwa upole, nikaridhika. Wewe uliuliza Jumanne ukauliza Jumatano. Endelea kuwa msumbufu hivyo hivyo, mwanangu. Mtu akikuambia jina lako halimo, awe mwalimu, awe mume, awe mimi, mpe heshima yake na shikamoo yake, kisha nenda kaangalie mwenyewe.

Uliniomba uchague vitabu vya baba yako vya kwenda navyo. Chagua. Ukikuta pengo kwenye rafu ya pili, usihangaike kutafuta. Kile cha bluu nilikipeleka kwa Mama Kulwa wiki iliyopita. Nilimkuta anakamua. Nikamwambia, "Mama Kulwa, nimekuja kuomba radhi. Ndama wako alikuwa na ndigana. Imeandikwa humu, na dawa yake."

Akanitazama, akaendelea kukamua kidogo. "Ndama kafa mwaka gani, na dawa unaleta leo?"

"Leo ndiyo nimesoma."

Alicheka mpaka ng'ombe akasogea. Akasema, "Haya, weka hapo. Ng'ombe bado wapo." Na akanipa maziwa ya kurudi nayo. Ndiyo yale uliyoniuliza yametoka wapi.

Nilikuwa nimepanga nikupe barua hii kesho, dirishani, basi likiwa linaondoka. Nimeandika mpaka hapa nikaona huo nao ni ujanja wa nyumba hii, wa kumpa mtu habari wakati hawezi tena kufanya lolote. Ukinisoma ukiwa umeshafika Ifakara, utamkasirikia nani? Kiti cha mbele? Kwa hiyo nitakupa leo, kungali mwanga, ili kama una la kuniambia uniambie usoni. Kama utataka kulala kwa bibi yako leo na kupandia basi Mngeta, nitakubebea begi mwenyewe mpaka hapo bodaboda. Nitaumia lakini nitabeba.

Nasikia sauti yako huko njiani, unamwamkia Mama Kulwa. Naacha hapa. Barua hii siikunji, na siiweki ndani ya kitabu chochote. Nakupa mkononi, kisha ninakaa hapahapa kibarazani mpaka umalize kusoma.

Mama yako,
Restituta